Jimu ya Kumbebea Mama

Kazi yangu imenifundisha kutomwamini mtu yeyote anayenitajia uzito. Mimi ni karani wa mizigo. Siku tatu za wiki nakaa ofisini Kasese mjini, siku mbili nakuwa Bwera, hatua chache kutoka mpaka wa Uganda na Kongo, nikihakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichopakiwa kwenye lori. Dereva anaapa kwa marehemu babu yake kwamba amebeba tani kumi za saruji. Napanda juu, nahesabu mifuko, nakuta ni kumi na mbili na ushee. Nimeyaona hayo mpaka nimeacha kukasirika. Hata nyumbani, mke wangu akirudi sokoni na kilo moja ya nyama, mkono wangu huinyanyua kwanza kabla mdomo haujasema ahsante.

Kwa hiyo msomaji akiniona nazunguka jimu tatu za mazoezi na mizani ya ndoano mfukoni, asidhani nimerukwa na akili. Ni mazoea tu.

Sikwenda jimu kwa ajili ya kitambi, ingawa kitambi kipo na mke wangu hachoki kukitaja mbele ya wageni. Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kumbeba mama yangu.

Baba na mama walikuja hapa kutoka Kenya, baba akifuata kazi ya mgodi na baadaye ya saruji. Walitoka makabila mawili yasiyosikilizana lugha, ndiyo maana nyumbani tulikulia Kiswahili. Baba alipostaafu alinunua kishamba cha kahawa huko juu Mahango, kwenye mlima aliokuwa akiutazama kutoka chini miaka yote ya kazi yake. Alikifaidi kidogo, akafariki. Mama akabaki na kahawa, mbuzi wanne, na ubishi. Mimi ni mtoto wao wa pekee. Nilimleta mjini mara moja akae nasi. Alikaa siku tisa, akasema mji unanuka vumbi la saruji na majirani hawasalimiani, akafunga kitenge chake, akarudi kwa mbuzi.

Kule kwake barabara haifiki. Mgonjwa hashuki kwa gari, anashuka kwa mabega ya watu. Kila kilima kina kikundi chake cha machela, na kila nyumba inatoa mwanamume mmoja. Machela yenyewe ni miti miwili mirefu ya mkaratusi, katikati yake imefumwa kamba na kutandikwa blanketi. Wanaume wanne wanaiweka mabegani, wengine wanafuata nyuma, na anayechoka anapokewa bila msafara kusimama: mwenzako anaingiza bega lake mbele ya lako, anakugusa kiuno, wewe unachomoka. Sheria ni moja na hakuna aliyeiandika. Machela haigusi chini mpaka barabarani. Ukiiweka chini njiani, wanasema, umeionyesha ardhi mgonjwa wako.

Mimi ndiye niliyeiweka.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua. Nilikuwa nimepanda kumsalimia nikamkuta hapumui vizuri, miguu imevimba, midomo imebadilika rangi. Watu wa machela walikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Kiongozi wao ni mkulima wa kahawa, mtu mfupi, mkavu, anayesema maneno machache kama anayeyaokota. Shamba lake linapakana na la mama, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimemshuku miaka mingi kwamba anausogeza mpaka mche mmoja mmoja. Alinitazama miguu, akaniweka nyuma, upande wa kichwa cha mama. Tukashuka. Njia ile kwa mtu asiye na mzigo ni ya saa mbili, na ina mahali ambapo inakuwa ngazi ya mizizi na udongo mwekundu. Mama alikuwa anasema kitu, nasikia sauti yake karibu na sikio langu, lakini pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Tulipovuka kijito goti langu la kulia likakataa kazi. Palikuwa pembamba, mtu wa kunipokea hakuweza kupita. Nikaenda chini, na machela ikaenda nami, ikatua kwenye matope.

Afadhali wangenitukana. Kiongozi aliingia mahali pangu, wakainyanyua, akaniambia nibebe begi. Nikashuka mlima uliobaki nikiwa na chupa ya chai na nguo za kubadilisha, kama shangazi anayesindikiza bibi harusi.

Mama alipona safari ile. Lakini daktari hakutuficha: moyo umechoka, hali itarudi, na itakaporudi ashushwe upesi. Nilisikia yote, na juu yake nikaongeza yangu. Kule juu wanatuita watu wa mgodi mpaka leo. Nilijua, au nilijiambia najua, kwamba jioni kwenye pombe ya ndizi wanasema nyumba ya watu wa mgodi haina mwanamume. Nikajiwekea lengo moja. Siku hali ile itakaporudi, nitambeba mama yangu tangu mlangoni mpaka barabarani, na machela haitagusa chini kwa sababu yangu. Kama ningeshindwa tena, sikujua ningepanda mlima ule kwa uso gani.

Jimu ya kwanza ilikuwa mjini Kasese, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Vioo kila ukuta, muziki wa kupasua masikio. Mwalimu wake alikuwa kijana mwenye kifua cha mtu na miguu ya korongo, na mimi nilianza kumshuku hapo hapo, maana fundi nguo aliyevaa suruali iliyochanika hafai kukupima. Akanipa karatasi nijaze lengo langu. Kulikuwa na visanduku vya kutia alama: kupunguza mwili, kuongeza misuli, kupendeza. Sikuona changu. Nikaandika pembeni: kumbeba mama kushuka mlima. Akasoma, akacheka kwa adabu, akatia alama kwenye kupunguza mwili.

Kisha akanipandisha kwenye mizani yake, ikasema nimezidi kilo nne kuliko mizani ya hospitali ya wiki hiyo hiyo. Nilimwambia mizani yake inadanganya. Akasema labda nilikula. Nikamuuliza ni chakula gani hicho cha kilo nne.

Siku ya pili nilikuja na mizani yangu ya ndoano, ile ninayopimia vifurushi ofisini. Nilisubiri aende kumsaidia mama mmoja wa benki, nikafunga kamba kwenye chuma kilichoandikwa ishirini, nikakining'iniza. Kumi na saba. Nikapima kingine, kumi na saba na nusu. Hapo nikaelewa kwa nini watu wote mle ndani wanajiona wana nguvu. Mwalimu alinikuta nimeinama na ndoano yangu, akaniuliza nafanya nini, nami nikamwambia ukweli: nafanya ukaguzi. Alikasirika. Alisema hapa watu wanakuja kujenga mwili, si kujenga kesi. Kwa haki, sikuwa nimeitwa kukagua. Lakini mama yangu hakuwa na uzito wa kuandikwa, alikuwa na uzito wake. Na ile mashine yao ya kukimbilia nayo niliijaribu mpaka umeme ukakatika: nusu saa nzima ya jasho, na uwanda mtupu, hakuna hata tuta. Debe tupu haliachi kuvuma, na pale palikuwa na muziki wa kutosha. Sikurudi.

Mke wangu akasema nimetafuta sababu. Nikamwambia sababu ndiyo ilinitafuta.

Ya pili haikuwa na jengo. Karibu na kambi ya jeshi kuna uwanja wa nyasi ambako mwanajeshi mmoja mstaafu huwafanyisha watu mazoezi kila alfajiri: wake za askari kutoka kila pembe ya nchi, polisi waliotanuka viuno, walimu wawili watatu. Wote wanamwita afande, hata wasiowahi kushika bunduki. Niliposema nataka kumweleza lengo langu kwanza, alinikatiza akisema lengo ni lake, mimi nifanye kazi. Nikashuka chini, nikainuka, nikakimbia, nikatambaa. Siku ya nne wake za askari walikuwa wananipita wakipiga soga.

Nilimshuku kwamba anapenda sauti yake kuliko miili yetu. Nilishuku pia kwamba ananionea kwa sababu ya kitambi, maana aliniweka mbele ambako kila mtu ananiona. Mwisho wa wiki alitupeleka kwenye kilima kidogo nyuma ya kambi, tupande na kushuka. Kupanda nilikwenda vizuri, nikajisifu moyoni. Kushuka nikaanza kutembea upande upande kama kaa. Akanisimamisha mbele ya watu.

“Wewe mzee, kupanda unaweza,” alisema. “Kushuka unaogopa. Goti yako iko mwoga.”

Watu wakacheka. Nikaondoka, goti limevimba na moyo umevimba zaidi, nikiapa kwamba mtu yule hajui kitu. Lakini nilipofika nyumbani na kuweka mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, sentensi ile ilikataa kutoka. Nilikuwa nimepima vyuma vya watu, nimepima mizani ya watu, na sikuwa nimejiuliza mimi mwenyewe nashukaje. Nyani haoni kundule. Hata hivyo sikurudi kwa afande, maana kumkubali mtu ni jambo moja na kumpa nafasi ya kukucheka tena ni jambo jingine.

Ya tatu niliipata Bwera, na niliipata kwa kushuku. Nyuma ya gereji moja karibu na soko nilikuwa naona wanaume wakiingia mikono mitupu na kutoka wamelowa. Kazi yangu ni mpaka. Mwanamume aliyelowa asubuhi mimi namfikiria mto wa mpakani, na mzigo usio na karatasi. Nikaingia siku moja nikijifanya natafuta fundi wa breki. Kumbe ni uwanja wa vyuma. Lakini vyuma gani: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, ekseli ya lori, magunia ya mchanga, magogo. Mwenyewe ni Mkongomani wa makamo, mabega mapana, kichwa kimenyolewa, anakalia tairi. Hakunipa karatasi. Hakunipima. Aliniuliza maswali.

“Papa, unataka kubeba nini?”

Nikamwambia: mama.

“Mama beko na kilo ngapi? Njia iko ya kupanda ao ya kushuka? Mutakuwa watu ngapi? Unabebaka na bega gani?”

Ndipo nilipomshuku kweli. Mtu gani wa jimu anauliza njia? Nilijua, kwa uzoefu wangu, ni nani pale mpakani anayetaka kujua kama unaweza kubeba, mko wangapi, na njia yako iko wapi. Nikaona ameshanifanya mchukuzi wa magendo, mimi karani wa karatasi, ningekamatwa na gunia la vitenge begani na ofisi yangu yote ingecheka. Nikamuuliza yeye alikuwa anafanya kazi gani kabla ya hii. Akasema alikuwa mchukuzi, upande wa kwao, miaka mingi, mizigo ya milimani, na mara nyingine wagonjwa. Alisema bila kuona haya. Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa na mizani yangu.

Gunia alilosema lina kilo thelathini nilikuta lina thelathini na sita. Nikamwonyesha. Akasema ndiyo, mchanga umenyeshewa, na mgonjwa pia akilowa anakuwa mzito. Katika jimu sikuwa nimekutana na mtu anayedanganya uzito kwa upande huo. Nikajiandikisha.

Kwa miezi mitatu na zaidi, kila siku yangu ya Bwera, nilipitia pale kabla ya ofisi na baada ya ofisi. Alitengeneza miti miwili ya mkaratusi, akafunga magunia katikati, yeye akashika upande mmoja na mimi mwingine, tukawa tunapanda na kushuka tuta la nyuma ya gereji mbele ya mafundi waliokuwa wakitupigia miluzi. Hakunifanya ninyanyue kitu juu ya kichwa hata mara moja. Alinifundisha kushuka. Kidole gumba cha mguu kwanza, goti limekunjwa kidogo, usiliachie lifunge, macho mbele ya hatua mbili. Alikuwa akirudia kwamba mutu anabebaka na miguu, hapana na mabega. Nilipunguza kitambi bila kukusudia, na mke wangu, badala ya kufurahi, akaanza kuniuliza Bwera kuna nini. Mwenye kushuku naye alionja kushukiwa. Ikabidi nimpeleke siku moja akaone magunia.

Kitu kimoja alichonifundisha kilinikosesha raha. Nilimuuliza kwa nini kila tukishuka yeye ananiweka mbele, na mbele panaumiza. Akasema ndivyo ilivyo, kwenye mteremko uzito wote unakimbilia mbele. Aliye nyuma anashikilia tu. Nikasimama na mti begani. Kiongozi wa machela alikuwa ameniweka nyuma. Alinipa mahali pepesi, mahali pa mtu dhaifu, na hata hapo nikaanguka. Tangu siku hiyo sikufanya mazoezi kwa ajili ya goti tu. Nilifanya kwa hasira. Nilisema moyoni: safari nyingine, mzee, mbele ni pangu.

Simu ilipigwa Jumapili asubuhi watu wakienda kanisani. Jirani wa mama alisema hali imerudi. Nilipanda mlima nusu nikikimbia, na nilipofika uani watu wa machela walikuwa wameshakusanyika, blanketi limetandikwa. Mama alikuwa amefumba macho, kichwa na uso vimefunikwa leso kwa ajili ya jua. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na kwa kuwa sijui kuogopa vizuri, nikawa mkali.

Kiongozi akaanza kupanga watu. Alipofika kwangu akanionyesha nyuma, upande wa kichwa, pale pale pa mwanzo.

“Hapana,” nilisema. “Mimi nakaa mbele.”

Wote waliacha walichokuwa wakifanya. Alinitazama kidogo. Alitaka kusema kitu, nilimwona anafungua mdomo, nami nikamkatiza nikisema najua mbele ni pazito na najua kwa nini ananiweka nyuma, na kwamba yule ni mama yangu, si wake. Akafunga mdomo. Akasema sawa, akaenda yeye mwenyewe kushika upande wa kichwa.

Nilibeba. Sisemi kwa majivuno, au nasema kwa majivuno, basi. Nilibeba tangu mlangoni, nikashuka ngazi ya mizizi kidole gumba kwanza, goti limekunjwa, nikavuka kijito, nikapita pale pa matope bila hata kupatazama. Mtu alikuja mara mbili kunipokea, akanigusa kiuno, nikatikisa kichwa. Mti ulikuwa unanila bega na mimi nikiufurahia. Nyuma yangu nilisikia mnong'ono, sauti ya mama na sauti ya kiongozi akiitikia, lakini maneno sikuyapata. Machela haikugusa chini. Tulipofika barabarani gari lilikuwa linasubiri, na wanaume walinipa mkono mmoja mmoja. Kiongozi alinipa wa mwisho. Alisema tu, “Umebeba.” Nilimwona kama mtu aliyeshindwa, nikafurahi.

Hospitalini mama alilala siku mbili bila kuongea vizuri. Siku ya tatu uvimbe ulipungua, akaomba uji, akaulalamikia uji, nikajua anarudi. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikimmenyea chungwa. Akanishika kifundo cha mkono.

“Yale niliyokuambia njiani,” alisema, “usije ukayasahau.”

Nilimenya kipande kingine kabla ya kujibu. Njiani nilikuwa mbele, mgongo wangu kwake, saa mbili na zaidi. Alikuwa amefunikwa uso. Aliyekuwa upande wa kichwa chake hakuwa mimi.

“Sitasahau, mama,” nilisema.

Akaridhika. Akasema safari ile ya kwanza pia alijaribu kuniambia, lakini nilikuwa nahema tu, ndiyo maana safari hii aliwaomba watu wa machela mapema, kabla sijafika, waniweke upande wa kichwa ili azungumze nami. Akashukuru kwamba nilimjibu vizuri, bila haraka, kila neno. Alisema hakujua kama ninaweza kuwa mpole hivyo. Nilimlisha chungwa, nikatoka nje, nikasimama kwenye ukuta wa hospitali mpaka nesi akaniuliza kama mgonjwa wangu amefariki.

Nilikuwa na njia moja ya kumwambia ukweli na njia mia za kutomwambia. Kumwambia ni kumwambia kwamba alifungua moyo wake kwa jirani, kwa sababu mwanawe alitaka mahali pa mbele. Sikuweza. Kesho yake nilipanda Mahango.

Nilimkuta kiongozi uani kwake, anageuza kahawa juu ya turubai kwa reki. Akanipa kigoda, akaendelea kugeuza. Nilimwambia mama anaendelea vizuri. Akamshukuru Mungu. Nikakaa. Mtu ambaye ameuliza madereva maswali maisha yake yote alishindwa kuanza swali moja. Mwishowe nikasema mama alizungumza njiani, na alidhani anazungumza nami, na nimekuja kuuliza alisema nini.

Alisema yale ni maneno ya mama yangu, yeye hakuyatafuta. Mama alianza kusema na alikuwa anauliza kila mara kama anasikiwa, na mtu mgonjwa hivyo huwezi kumwambia amekosea. Alisema mara mbili alitaka kuniita nije nyuma, lakini nilikuwa nimekataa uani mbele ya watu wote. Akaweka reki.

“Alisema siku yake ikifika, asipelekwe Kenya,” alisema. “Azikwe hapa juu, kwa kahawa. Kule watu ya kumbeba hakuna.”

Baba tulimrudisha kwao, safari ya siku mbili, na mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mama atakwenda kwingine isipokuwa kando yake. Hakuwahi kunigusia. Na kichwa changu, nakiri, kilifanya kile ambacho hukifanya siku zote: kilitafuta mizani. Huyu ndiye mwenye shamba linalopakana na letu. Anapata nini kwa kunidanganya? Nikapiga hesabu pale kigodani, nikaipiga tena. Shamba likiwa na kaburi la mama, mimi siwezi kuliuza, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutaka kulinunua. Akinidanganya anajinyima. Na ya pili ilikuwa nzito zaidi: hakuna mtu mwingine wa kumuuliza. Mama ningemuuliza vipi, na yeye anaamini nilikuwepo?

Mama bado yupo, namshukuru Mungu. Amerudi kwa mbuzi wake. Naendelea kwenda kwa yule Mkongomani, na magunia yake bado yana kilo zaidi ya anazotaja. Lakini siku ile uani, kahawa ikinuka juani, nilikuwa bado nina swali moja, na lilinichukua muda kulitoa.

“Na mimi,” nilimuuliza, “nilimjibu nini?”

Alichukua reki yake.

“Ulikubali,” alisema.